Nimekufa mara 2,871 kwenye Celeste na bado sijaitoa mkononi

Namba hiyo sijaitunga. Gemu yenyewe ndiyo inayohesabu, inakuwekea kafuvu kadogo na idadi ya vifo kwa kila sura, yaani hata ukitaka kudanganya mashemeji zako huwezi.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Mwanjelwa hapa Mbeya. Kabla ya mwaka jana gemu pekee niliyoijua ni ya nyoka kwenye simu ya kitochi. Mwezi wa sita mtoto wa dada yangu alikuja likizo, na alipokuwa anarudi chuoni akaniachia laptopu yake ya zamani niwe naangalizia mitindo ya nguo. Akanionyesha kila kitu kilichomo, kisha akaweka kidole kwenye picha moja ya mlima. "Mamdogo, hii usiiguse, itakupandisha presha." Angenyamaza, nisingeigusa.

Kwa asiyeijua: Celeste ilitoka Januari 2018, imetengenezwa na Maddy Thorson, Noel Berry na wenzao wachache. Ni gemu ya kukimbia na kuruka, unamwona mtu kwa ubavu kama kwenye Super Mario. Unamwongoza binti anaitwa Madeline anayepanda mlima. Anaruka, anang'ang'ania ukuta mpaka mikono ichoke, na anachomoka mara moja hewani kuelekea upande wowote kati ya pande nane. Nywele zake ni nyekundu, akishachomoka zinakuwa za bluu mpaka akanyage chini tena. Basi. Hakuna bunduki, hakuna kununua nguvu, hakuna kupanda cheo. Uwezo huo mdogo ndio unaopewa mwanzo, na kwa sehemu kubwa ya safari ni huohuo. Kinachobadilika ni vidole vyako.

Na inaua. Miiba kila mahali, vumbi lenye macho, upepo unaokurudisha nyuma, majukwaa yanayobomoka ukiyakanyaga. Jioni ya kwanza, nimejifunga blanketi kwa baridi yetu ile ya Juni, nilikaa kwenye chumba kimoja cha sura ya kwanza zaidi ya nusu saa. Chumba mara nyingi ni skrini moja tu, ukikipita unaingia kingine. Nikasonya mpaka mwanangu akaja kuuliza kama nimegombana na mtu.

Lakini nilichokuja kukielewa, na ndicho kinachonifanya niandike, ni kwamba kufa humu ni bei rahisi. Gemu nyingine ukifa unarudishwa mbali, unaanza kutembea upya njia yote uliyoishaimaliza, hasira inapata muda wa kukaa kitako. Hapa hujamaliza hata kusonya, umeshasimama tena mwanzo wa chumba kilekile. Sisi mafundi tuna neno letu, kufumua. Umekosea zipu, unachukua wembe, unafumua nyuzi zako, unarudia. Kitambaa hakijachanika, mteja hajajua. Celeste ni kufumua kusikochana kitambaa. Kuna mahali inakutumia hadi kadi ya posta inayokuambia ujivunie idadi ya vifo vyako maana ndivyo unavyojifunza. Niliposoma mara ya kwanza nilicheka kwa dharau. Kwenye vifo 1,500 nikaanza kuiamini.

Halafu ni gemu ya haki. Ukifa, unajua kabisa ni kidole gani kimechelewa. Tena baadaye mwanetu yule wa laptopu aliniambia siri: inakupendelea kichinichini. Ukishapita ukingo wa jukwaa, bado unapewa kama sehemu moja ya kumi ya sekunde ya kuruka, ingawa miguu iko hewani. Ukigonga kichwa kwenye kona kidogo tu, inakusogeza pembeni upite badala ya kukuangusha. Nilikuwa naona kabisa nimechelewa na bado naruka, nikajua ni ujuzi wangu. Kumbe!

Haki hiyo ilinigharimu wiki nzima, ngoja nieleze. Kwa kibodi nilikuwa nateseka: mishale mkono mmoja, C ya kuruka, X ya kuchomoka, Z ya kung'ang'ania mkono mwingine. Baada ya siku nzima ya kushona pindo za sare, vidole vinagoma. Nikanunua pedi ya kuchezea gemu, ya waya, ya bei ya chini kabisa dukani, haikuwa hata na jina la maana. Raha tupu, mpaka sura ya nne, kwenye kile kilima chenye upepo. Kuna chumba kinataka uchomoke mshazari, juu kushoto. Nikafa mara arobaini. Nikafa mara mia. Kila nikijaribu, Madeline anapaa wima kama roketi na kutua kwenye miiba. Kwa kuwa gemu ilikuwa haijawahi kunionea, sikuwaza kitu kingine chochote: ni mimi, nimezeeka, gumba limekufa. Nikaanza kuliangalia gumba langu saa za kazi. Siku ya saba, kwa hasira, nikachomoa pedi nikarudi kwenye kibodi, nikapita jaribio la tatu. Kitufe cha pedi hakikuwa kinasoma mshazari wa kushoto kabisa. Aliyeniuzia aliniambia nilikuwa "naibonyeza vibaya". Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujajilaumu, jaribu pande zote nane mahali penye usalama. Wa pili: nunua pedi nzuri au usinunue kabisa.

Stroberi je? Zimetapakaa njiani, na gemu inakwambia wazi kwamba hazina faida yoyote isipokuwa za kujivunia. Lakini ukiiona imening'inia juu ya shimo, utapita kweli? Zipo zenye mabawa: ukichomoka tu, inapeperuka na kwenda zake. Kwa hiyo chumba ulichokwisha kukizoea kwa kuchomoka unatakiwa ukivuke kwa kuruka na kung'ang'ania peke yake, kama mtu aliyenyang'anywa mkasi akaambiwa akate kitenge kwa meno. Hizi ndizo zilizonilaza saa saba za usiku, na sura ya tano niliziacha nyingi kwa hiari yangu.

Hadithi yake sikuitegemea. Madeline ana wasiwasi, ule wa kifua kubana na pumzi kukata, na mlimani anakutana na sehemu yake mwenyewe inayomwambia hawezi. Kwenye sura hiyohiyo ya upepo wanapanda yeye na rafiki yake kwenye kigari kinachoning'inia kwenye waya, kinasimama katikati, binti anaanza kuhema. Rafiki anamwambia afikirie unyoya unaoelea mbele yake, pumzi ndiyo inayouinua na kuushusha. Na wewe unabonyeza na kuachia, unyoya upande, ushuke, taratibu. Nilifanya nikidhani ni mchezo tu. Mwezi wa tisa nilikuwa narudi kutoka Kariakoo kuchukua vitambaa, tukakwama kwenye mlima wa Kitonga usiku, lori limekata njia kwenye kona, basi letu limeinamia upande wa bonde. Mimi na Kitonga hatupatani tangu zamani. Nikajikuta natafuta unyoya kwenye kioo cha dirisha. Jirani yangu wa siti, mama mmoja wa Tukuyu, alidhani nasali, akaitikia amina.

Kasoro zipo. Kiswahili hakimo, maongezi ni ya Kiingereza au lugha nyingine za kigeni, na mazungumzo hayo ndiyo nusu ya utamu. Mimi nilikuwa nasoma pole pole na kamusi ya simu pembeni. Sura ya tatu, ile ya hoteli yenye mwenyewe anayekufukuza kwa hasira, kwangu ni ndefu kupita kiasi, na usafi unaotakiwa kuufanya humo umenichosha kama wa nyumbani kwangu. Na anayetafuta kucheza na wenzake akae mbali, hii ni ya mtu mmoja. Nyumbani tunapokezana: mwanangu wa miaka minane namwekea msaada uliomo kwenye mipangilio, unaopunguza kasi hadi nusu au kumfanya asife. Wapo wanaosema huko ni kuiba. Mtoto anafurahi, mimi nasikiliza muziki wa gemu, uliotungwa na Lena Raine, nikishona. Imeniibia nini?

Bei yake ya kawaida mtandaoni ni dola 19.99, na mara nyingi inashushwa, subiri punguzo kama huna haraka. Haili bando sana, ni kama GB 1.2, na ukishaipakua unacheza bila intaneti. Laptopu yangu ni kongwe, ila RAM ya GB 2 inaitosha. Umeme ulikatika mara nyingi nikiwa katikati, na kila nilipowasha nilikuta maendeleo yangu yamehifadhiwa.

Sura ya saba ni kilele. Njiani kuna alama za mita, 500, 1000, hadi 3000, ambayo ni zaidi kidogo ya Rungwe yetu. Kipande cha mwisho kina bendera zenye namba zinazopungua, na kila chumba unachopita unaona imebaki chache. Nilifika juu saa nane kasoro usiku, nimesimama, blanketi liko sakafuni, sijui lilianguka saa ngapi. Nikamtumia mwanetu picha. Akajibu asubuhi: "Hongera Mamdogo. Sasa tafuta kanda za kaseti humo ndani, zinafungua njia ngumu zaidi."

Siku hiyo nilipachika mkono wa kulia wa gauni la mteja kwenye bega la kushoto. Nikachukua wembe, nikafumua.