Semina ya uchumi wa familia kanisani: nyota nne, ya tano nimeibakiza makusudi

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nimemaliza semina ya wiki sita, kila Jumamosi masaa mawili, mimi na mke wangu. Kanisa silitaji ila semina za hivi ziko makanisa mengi sasa hivi, kwahiyo naandika labda itamsaidia mtu anayejiuliza aende au asiende.

Kiukweli nilienda nikijua ntaambiwa nini. Baba yeyote anayesali anaijua 1 Timotheo 5:8, ile ya asiyewatunza wa nyumbani mwake kwamba ameikana imani, tumechapwa nayo sana. Ila mwalimu wetu akatusomesha kuanzia mstari wa 3 na hapo ndo nikashtuka, kumbe Paulo anaongelea wajane! Mstari wa 4 watoto na wajukuu ndo wanaambiwa wawalipe wazazi wao, wa 9 kanisa linaandikisha mjane aliyefika miaka 60, wa 16 mwanamke anayeamini naye anaambiwa awasaidie wajane alionao ili kanisa lisilemewe. Yaani mzigo ni wa ukoo mzima. Na lile neno la Kigiriki linalotafsiriwa kutunza, pronoeo, lina maana ya kufikiria mbele, kuliona hitaji kabla halijagonga mlango.

Kipindi cha tatu ndo kimenivunja. Kila mtu anapewa karatasi, hakuna kuongea, hakuna kushika simu, unaandika majina ya wote wanaokutegemea na pembeni lini mara ya mwisho umewapa kitu, af mnabadilishana na mwenzio. Mimi nilikuwa na majina matano. Mke wangu tisa, na la nne kaandika "mama mkwe, wiki iliyopita". Mamaangu mzazi! Kwenye karatasi yangu hayupo kabisa, na mwezi huohuo nilikuwa nimemalizia ahadi yangu ya jengo la kanisa nikajiona mtu wa Mungu kweli. Mwalimu akafungua Marko 7, habari ya Korbani, Yesu anavyowakemea wanaowaambia wazazi kwamba kile ambacho kingewasaidia kimeshawekwa wakfu kwa Mungu. Nililia jamani, sioni aibu kusema.

Sasa nyota niliyoibakiza. Kipindi cha tano aliletwa mwalimu mgeni, akasoma 2 Wathesalonike 3:10 akawageukia wasio na kazi kwa maneno makali mno. Kaka mmoja aliyepunguzwa kazini, anayezunguka na vyeti kila siku, alichukua begi lake akatoka na wiki ya sita hakuja. Hiyo haikubaliki. Mstari unasema asiyeTAKA kufanya kazi asile, haujasema asiyepata, na mtu anayefundisha Neno lazima alione hilo kabla hajafungua mdomo. Nimewaandikia waandaaji, wamepokea ila hawajarekebisha.

Vitini maandishi madogo sana, muda wanajitahidi, watoto wanaangaliwa chumba cha pili kwahiyo msiogope kuja nao.

Nendeni wote wawili, ukienda peke yako kipindi cha tatu hakina maana maana hakuna wa kubadilishana naye karatasi. Na kabla hujajiandikisha uliza nani anafundisha cha tano, hasa kama nyumbani kwenu kuna mtu hana kazi kwa sasa.