Uso wa shogi la Wajaf: miezi minane ukutani kwangu

Nilikwenda Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu hapa Hamburg, kutafuta zulia la sebuleni. Nikatoka na kipande kisichofika hata nusu meta mraba, kwa yuro 420. Mume wangu aliuliza mara mbili kama hiyo ni bei ya kipande au ya duka zima.

Ni uso wa shogi, yaani upande wa mbele wa mfuko wa kubebeshea mnyama mizigo. Kwetu Lamu shogi la punda husukwa kwa miyaa. Wakurdi wa kabila la Jaf walilifuma kwa sufu, kwani walikuwa wakihama na mifugo kati ya tambarare za Shahrizor, Iraki, na milima ya upande wa Irani.

Muuzaji aliapa kina zaidi ya miaka mia. Maneno ya muuzaji nayajua, nikakigeuza. Kwa nyuma mafundo yamepishana, kila safu imesogea nusu fundo kutoka ile ya chini yake, ndiyo sababu pembe za zile almasi zimepanda mshazari mkali bila vidato. Nikapekua manyoya: rangi ya shinani ndiyo ya nchani. Nikasugua wekundu kwa leso nyeupe yenye maji, leso ikabaki nyeupe. Rangi nyingi za kiwandani za mwanzo, zilizokuja baada ya 1856, zingeumbuka hapo.

Lakini kilichonitoa pesa ni bluu. Katikati ya almasi moja nili iliyokolea inakatika ghafla, inaendelea iliyopauka, inakaribia kijani. Mfumaji aliishiwa uzi, akachovya mwingine, akasonga mbele. Wenye biashara huita abrashi, na wengine huhesabu kuwa kasoro. Mimi huiangalia kila asubuhi nikinywa chai.

Sasa lawama. Taa ya dukani ilikuwa ya manjano; nyumbani, mchana, nikaona kona ya chini imeliwa na nondo na kuzibwa kwa sufu mpya. Bwana yule hakunitajia. Nilimpigia mara tatu ndipo akanirudishia yuro 60. Nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki, kikalala kwenye friza wiki mbili kando ya samaki, mayai ya nondo yafe.

Kwa jicho langu kinastahili bei yake, kona na yote. Zulia la sebuleni bado hatuna.