Ruzuku ya serikali kwa skuli za visiwani Pemba: nyota 3 kati ya 5

Nna watoto skuli ya msingi kwenye kisiwa kidogo upande wa Wete, jina naliacha. Kwanza shukrani: tangu 2015 michango ya msingi imefutwa na kwa sie wavuvi hilo si dogo wallahi, mtoto akirudi anadai hela ya mchango na bahari imechafuka wiki nzima utampa nini. Mishahara ya walimu serikali inalipa, vitabu vinakuja japo vinachelewa. Hapo nyota tatu natoa bila kinyongo.

Tatizo ni hesabu yenyewe. Ruzuku inafuata idadi ya watoto na sie hatufiki hata mia. Chukua mfano wa Bara, kiwango cha msingi kule ni elfu 10 kwa mwanafunzi kwa mwaka, basi skuli ya watoto 1,500 inahesabiwa milioni 15, ya watoto 90 inahesabiwa laki 9, lakini paa likivuja bati halipungui bei kwa vile nyie wachache, tena kwetu bati, saruji, hata boksi la chaki lazima lipakiwe boti na nauli ya mzigo huo haimo kwenye hesabu.

Na mwalimu je? Wengi wanakaa Wete wanavuka kila siku kwa boti za watu, maji yakipwa wanashuka mbali wanakanyaga matope, kusi likivuma hawaji kabisa, la tatu na la nne wanakalishwa pamoja kwa mwalimu mmoja. Wakiomba uhamisho mie siwalaumu.

Wananchi banda la skuli tumelinyanyua wenyewe mpaka linta, linasubiri kupauliwa. Skuli za ghorofa zinazojengwa ni nzuri mno, nafurahi kuziona, ila mtoto wa kisiwani hazifikii.

Nnachotaka ni kima kimoja kwa kila skuli hata kama ina watoto 40, halafu ndo waongeze kwa idadi, na fungu la usafiri wa mwalimu kwa Fundo, Kokota, Makoongwe, Kisiwa Panza na kwengine kote kunakofikiwa kwa boti. Uingereza wanafanya hivyo, kila skuli ina kima chake na ndogo zilizo mbali zina nyongeza. Na elimu ya msingi si jambo la Muungano, utaratibu tunaupanga wenyewe hapa hapa Zanzibar.

Wazazi wa visiwa vyengine, kwenu nauli ya boti ya mwalimu analipa nani?