Laina ya plastiki au ya kupuliza? Uzoefu wangu na bodi ya pikapu, Uyole

Kwa miaka mitatu sasa Hilux yangu ya kebini moja inafanya kazi ya pembejeo hapa Uyole, Mbeya. Asubuhi inapanda Isyonje na Kikondo na mifuko ya mbolea, jioni inashuka na viazi. Katika muda huo bodi yake imevaa kinga za aina tatu, na moja kati ya hizo ilinigharimu kipande kizima cha sakafu. Wateja wangu wengi wana pikapu, na kila wiki kuna anayeuliza ile rangi nyeusi yenye chengachenga niliipakaje. Basi naeleza yote, mazuri na mabaya.

Nilianza na laina ya plastiki, lile beseni gumu jeusi linaloketi ndani ya bodi kama sufuria ndani ya sufuria. Gari lilikuwa limetoka kupigwa rangi na sikutaka majembe na mapipa yaikwaruze. Muuzaji wa spea akaniambia, "Dada, ukishaweka hii, sahau habari ya bodi." Nikaweka, na kweli nikasahau kwa misimu miwili ya mvua.

Niseme kwanza habari ya vipimo, maana hapo watu wengi wanapoteza hela. Laina ya kwanza niliyoletewa ilikuwa ya dabo kebini, ambayo bodi yake ni fupi, kama mita moja na nusu. Ya kebini moja inapita mita mbili. Hata zikilingana urefu, umbo la vifuniko vya matairi hubadilika kila toleo la gari linapobadilika. Pima mwenyewe na futi kabla hujatoa hata shilingi. Fundi akikuambia "itaingia tu", usikubali, kwa sababu laina iliyolazimishwa hucheza, na inayocheza inasaga rangi mchana kutwa barabarani.

Yangu ilikaa vizuri, lakini ilikuwa na tabia moja iliyonitia hofu tangu wiki ya kwanza: utelezi. Mifuko ya kilo 50 ikilowa kidogo, gari likianza kupanda mlima, yote inarudi nyuma kwa pamoja na kugonga mlango. Mara mbili komeo la mlango lilipinda. Tulikuwa tukifunga kamba za manila huku na huku, na bado ukifika juu unakuta mzigo umehama.

Kilichonifanya niifungue ni harufu. Viazi vilivyooza vinanuka vibaya sana, na hiyo harufu haikutoka hata tulipoosha bodi mara tatu kwa sabuni. Jumamosi moja mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye dereva, akaamua kuing'oa. Skrubu mbili zilikatika kwa kutu. Wakainua upande mmoja wakiwa watatu, nikasikia ananiita, "Mama mdogo, hebu njoo uone."

Chini ya ile plastiki kulikuwa na tope jeusi la unene wa kidole. Ndani ya tope kuna vipande vya viazi, na kimoja kilikuwa kimechipua mche mrefu mweupe uliokuwa ukitafuta mwanga. Tulipomwaga maji tukaona sakafu yenyewe. Mahali ambapo migongo ya plastiki iligusa bati, rangi ilikuwa imesagika ikatoka kabisa, mistari iliyonyooka kuanzia mbele mpaka nyuma kama bati la paa. Katikati ya mistari, kutu ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua. Fundi bodi, mzee wa siku nyingi ninayemwamini, alichukua bisibisi akabonyeza pembeni, karibu na kichwa cha kebini. Ikapenya mpaka mpini.

"Mama," akasema, "maji yaliingia, yakakosa pa kutokea."

Nilikaa nalifikiria hilo usiku mzima. Plastiki ilikuwa imekinga mikwaruzo kama ilivyoahidiwa. Upande wa juu haukuwa na tatizo. Lakini mvua ya huku kwetu inaanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na upande wa Rungwe ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Maji yanapita kwenye kingo na kwenye matundu ya skrubu, mchanga unayafuata, na upepo haufiki kuyakausha. Mimi nina la ziada: mbolea. CAN na urea zinavuta unyevu wa hewani, ndiyo maana mfuko uliofunguliwa hushikana mabonge. Mfuko ukitoboka, punje zinaingia chini ya laina, zinayeyuka, na hayo maji ya chumvi yanakula bati haraka kuliko maji ya mvua. Anayebeba mbolea, chumvi ya ng'ombe au samaki, tafadhali alichukulie hili kwa uzito.

Tulikata kipande kilichooza, tukachomelea bati jipya, kisha nikaamua kupuliza. Laina ya kupuliza ni rangi nzito inayoshika juu ya bati lenyewe, na ziko za namna mbili. Kuna ile ya mashine, ambapo kemikali mbili hupashwa moto, zinakutana kwenye mdomo wa bunduki na kuganda ndani ya sekunde chache. Hiyo ndiyo imara zaidi, na unene wake huwa wa milimita mbili mpaka tatu hivi. Kuipata kungenibidi nipeleke gari Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwenda tu, na biashara isimame. Namna ya pili ni ya chupa, ambayo fundi rangi yeyote mwenye kompresa anaweza kuipuliza. Nikachagua hiyo. Niliagiza Raptor ya U-POL: chupa nne, hadina ya kuigandisha, na bunduki yake. Unachanganya sehemu tatu za rangi kwa moja ya hadina ndani ya chupa ileile, unatikisa vizuri, unafunga bunduki, unapuliza.

Kupuliza kwenyewe kulichukua saa chache. Kazi kubwa ilikuwa siku mbili za kabla yake. Mzee alipiga msasa bodi nzima, kila kona, mpaka hakuna sehemu iliyong'aa. Rangi inayong'aa haishikwi na kitu. Akaosha kwa sabuni, akaacha ikauke, akafuta kwa thina kwa kitambaa cheupe, akageuza kitambaa na kufuta tena mpaka kikarudi cheupe. Mahali penye bati tupu akapaka praima. Kisha karatasi na gundi kwenye kioo, taa na kingo. Ukimwona fundi anayetaka kupuliza siku ileile uliyomletea gari, achana naye kwa heri.

Tulifanya mwezi wa kumi, na hilo lilikuwa la makusudi. Mbeya ya mwezi wa sita na wa saba ina baridi ambayo hadina haiipendi, na ukungu wa asubuhi unaacha unyevu kwenye bati hata usipouona. Mwezi wa kumi hewa ni kavu na jua lipo. Tukapuliza mkono wa kwanza, tukasubiri kama saa moja, tukapuliza wa pili.

Jambo moja nawaomba wenye magari mlisimamie. Hadina ya rangi hizi ina isosianati, na mvuke wake ukiingia kifuani unaweza kumwachia mtu pumu ya kudumu. Mzee alikuwa amezoea kujifunga leso puani. Nilimnunulia barakoa ya vichujio, ya mafundi rangi, na kumwomba asianze mpaka aivae. Gharama yake ukilinganisha na kazi nzima ni ndogo, na mapafu yake ndiyo yanayomlisha.

Gari lilikaa wiki nzima bila mzigo mzito ili rangi ikomae. Iliuma, kwa sababu wakulima walikuwa wanaanza kununua mbolea ya kupandia, nikakodi Canter ya watu kwa siku tano.

Sasa ni miezi kumi na minne. Mifuko haihami. Hili peke yake limenirudishia pesa, maana ile michengachenga inashika kiroba kama mkono. Gari linapanda Isyonje, unafika juu unakuta mzigo ulivyoupanga. Ukiosha, maji yanateremka na kutoka kwenye matundu yake, na hakuna sehemu ambayo macho hayafiki. Hata kelele za bati zimepungua kwenye barabara mbovu ya Kikondo.

Mabaya yapo. Vijana wanaopakia wanalalamika magoti, kwa sababu ukipiga goti juu yake inakuchubua. Mfuko ukiburutwa badala ya kuinuliwa, nyuzi za chini zinakatika. Jua limeifubaza: ile nyeusi ya mwanzo sasa ni kama mkaa uliopoa. Na msidhani inazuia kubonyea. Pampu ya maji ilituponyoka mwezi wa pili ikaangukia sakafu, bati likabonyea na rangi ikabonyea nalo bila kupasuka. Hapo plastiki ingekuwa bora, kwa kuwa inalipokea pigo na kulisambaza.

Pia ilibanduka kipande cha ukubwa wa kizibo cha soda kwenye kona ya mlango. Tuliangalia chini yake tukakuta grisi ya bawaba. Hapakusafishwa vizuri, na hata mimi niliyekuwa nimesimama pale sikupaona. Mzee alipiga msasa hapo tu, akapaka kwa brashi rangi iliyobaki, na mpaka leo hujui ilikuwa wapi.

Kwa ajili ya magoti na mapigo niliongeza kinga ya tatu, mkeka wa raba sakafuni. Ni mzito, unahitaji watu wawili, lakini haufungwi kwa skrubu na ndiyo sababu naupenda. Kila Jumamosi unatolewa, unaoshwa, unaanikwa ukutani, na sakafu inapata jua. Anayebeba ng'ombe au mbuzi angeanza na huo kabla ya vingine, kwa sababu kwato zinateleza kwenye plastiki na mnyama akianguka milimani anavunjika mguu. Nimewaona pia wenzangu wakikata mkanda wa konveya uliotumika na kuulaza kwenye bodi. Unafaa, mradi usiufunge ukashindwa kutoka.

Kwa wanaobeba matofali, mawe au mbao za Mafinga zenye misumari, sitawadanganya: plastiki bado ina nafasi kwenu. Lakini puliza kwanza chini yake, au walau paka praima na rangi nzuri, na uing'oe mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake. Na ukienda kununua pikapu iliyotumika ikiwa na laina ya plastiki ndani, mwombe mwenye nayo akuruhusu kuiinua. Akikataa, punguza bei au tafuta gari lingine. Mimi sitanunua tena bodi ambayo sijaiona chini.

Kwa bei, kazi yangu ya kupuliza ilifika karibu mara mbili ya ile plastiki ukijumlisha msasa, praima na ufundi, bila kuhesabu kuchomelea. Aliye na bodi nzima isiyo na kutu atalipa pungufu. Mlango wa nyuma, pale juu ambapo kila mfuko unapitia, chengachenga za rangi zimeanza kusagika, na nimeshaongea na mzee apige mkono mwingine hapo mvua zikikatika.