Kikombe cha kahawa kinanuka hata ukikiosha? Vya kununua, kuanzia kinachofaa zaidi

Kama ukifungua tu mfuniko wa kikombe chako cha kubebea kahawa unapigwa na harufu ya kahawa ya juzi, usikimbilie kununua kingine. Changu kilinuka miezi, naosha kila siku kwa sabuni, nasuuza, ndani kinang'aa kabisa na harufu iko palepale, mpaka siku moja nikachukua kijiti cha meno nikauchokonoa ule mpira wa mviringo wa kwenye mfuniko ukachomoka, na chini yake kulikuwa na utando wa kahawia unaoteleza kama kamasi, maziwa na mafuta ya kahawa yameshikana humo yamechacha. Nikanusa. Ndo ile ile.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote, toa huo mpira. Kahawa ina mafuta yake na yakikaa yanachacha, halafu mpira wa silikoni unashika harufu kuliko chuma, sasa wewe unasugua chuma tu.

Namba moja kwangu ni brashi, tena mbili, ndefu ya chupa na kale kembamba ka kupitisha kwenye tundu la kunywea. Naziweka juu ya dawa zote kwa sababu utando ukishakuwa mnene dawa inaishia juu juu, lazima usuguliwe kwanza. Ukinunua angalia nyuzi zifike mpaka kwenye ncha kabisa, nyingi ncha ni waya mtupu, unakwaruza kitako cha kikombe na uchafu unaubakiza palepale. Stilwaya hapana, mikwaruzo yake ndo uchafu unapojificha.

Namba mbili, unga wa oksijeni wa kutolea madoa, kwenye viambato utafute sodiamu pakaboneti, na chukua usio na manukato. Huu kwa kikombe cha stenlesi ndo mfalme. Kijiko kimoja cha chai, jaza maji ya moto, acha nusu saa hivi, utaona povu linapanda na maji yanageuka rangi ya chai, ile kahawia ya miezi iliyobaki baada ya brashi inaachia yenyewe. ILA USIFUNGE MFUNIKO, inatoa gesi na ikikosa pa kutokea kikombe kinaweza kufyatuka na maji ya moto yakurukie. Cha alumini usikitie, unga huu unakila. Na suuza mara kadhaa.

Tatu, vidonge vya kusafishia meno bandia. Vingi vinafanya kazi kwa njia hiyohiyo ya oksijeni, vimeshapimwa, unatupia kimoja na maji ya vuguvugu umemaliza, vizuri kwa anayeoshea kikombe ofisini. Tatizo vingi vina mnanaa, usiposuuza sawasawa kahawa ya kesho utaijua.

Nne ni bekingi soda (sio bekingi pauda, watu wanachanganya sana). Kwa harufu changa inatosha kabisa, na kwa mpira naipenda, fanya uji mzito upake ulale nao usiku mzima. Kikombe kilichokaa mwaka na madoa hakiiogopi lakini.

Siki naiweka mwisho. Ni nzuri kwa ule ukoko mweupe wa maji yenye chokaa, kwa harufu ya kahawa siyo kihivyo, na yenyewe inaacha harufu yake kwenye mpira. Na ile ya kumwaga siki na bekingi soda pamoja achana nayo, zinauana, unabaki na povu tu.

Jiki usinunue kwa kazi hii. Klorini inakula stenlesi inaacha vitobo vidogo vidogo, na ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu, hilo sio la kujaribu.

Mpira ukiuchemsha dakika 5 mpaka 10 bado unanuka, nunua mpira mpya peke yake, kikombe kiache. Ndo maana hata ukienda kununua kikombe kipya, jaribu kwanza kuuchomoa mpira kwa kucha na uulize kama wanauza wa akiba, ukikuta umegandishwa hautoki, kirudishe kwenye shelfu hata kama ni kizuri vipi. Na usiku mfuniko na kikombe vilale mbalimbali, vyote wazi, mpira pembeni ukauke.