Programu ya kutengeneza muziki: ipi uanze nayo ukiwa Mwanza, na lini upande toleo

Studio ndogo ya Mwanza huishi kwa kazi mbili. Ya kwanza ni kurekodi watu: kwaya za makanisa, waimbaji wa ngoma za Kisukuma, msanii anayeingia na biti yake kwenye flashi akitaka kuweka sauti tu. Ya pili ni kutengeneza biti yenyewe. Anayeanza huwa anakimbilia programu ya biti kwa sababu ndiyo anayoiona kwa maprodyuza wakubwa, kisha kutwa nzima anarekodi kwaya kwa chombo ambacho nguvu yake iko kwingine. Mpangilio ulio hapa chini umefuata swali moja: pesa yako inatoka kwenye maiki au kwenye kibodi?

Bei ni za dola, kwa kuwa ndivyo kampuni zinavyouza, nazo hupanda na kushuka. Zidisha kwa takriban 2,500 upate shilingi. Kumbuka pia VAT, ambayo tangu 2022 inagusa huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje. Inaweza kujitokeza mwishoni kabisa, ukiwa tayari umeingiza namba ya kadi.

1. Reaper, dola 60

Kwa anayerekodi watu, hii ndiyo ya kwanza, wala haihitaji mjadala mrefu. Leseni ya dola 60 ni kwa mtu binafsi au biashara ambayo mapato yake kwa mwaka hayazidi dola 20,000. Ukivuka hapo unadaiwa leseni ya dola 225, na huenda studio ya chumba kimoja Igoma au Nyegezi haijafika huko. Unapewa siku 60 za kuijaribu ikiwa kamili, bila kufungiwa kitu. Leseni inabeba matoleo mawili makubwa: ukinunua wakati wa toleo la 7, unasasisha bure hadi la 8 liishe.

Faili la kupakua ni MB chache tu, bando la siku linalimaliza. FL Studio, kwa kulinganisha, hukaribia GB 1. Muhimu zaidi ni kwamba Reaper inakwenda vizuri hata kwenye mashine ya RAM GB 4, ingawa tungekushauri ufike GB 8.

Nguvu yake utaiona kwenye kwaya. Chukua kwaya ya watu 20 yenye sauti nne na maiki mbili tu. Unarekodi sauti ya kwanza peke yake, kisha ya pili, kisha tenori na besi, kila moja mara mbili au tatu ili zipate unene. Hapo una treki (mistari ya sauti, kila mmoja ukirekodiwa peke yake) 8 hadi 12 kabla hujagusa vyombo. Kwenye Reaper unabonyeza Ctrl+T kupata treki mpya, unawasha kitufe chekundu cha treki, unachagua tundu la maiki, unabonyeza Ctrl+R. Ukirudia mahali palepale, jaribio la awali halifutwi; yote yanapangwa ndani ya treki moja, nawe unachagua ubeti wa kwanza kutoka jaribio la pili na kiitikio kutoka la nne. Kwa ngoma za asili ni hivyohivyo: zima kabisa mlio wa kuhesabu mapigo, rekodi kama wanavyopiga, usilazimishe mapigo yaingie kwenye gridi. Ngoma inayopanda kasi kadiri wachezaji wanavyochangamka, ukiinyoosha inakufa.

Udhaifu wake ni mmoja, na ni mkubwa kwa mtu wa biti: haiji na vyombo. Hakuna ngoma, piano wala gitaa la besi la kusikilizika. Itabidi ujaze mwenyewe kwa plagini za bure, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya hii kubwa: MT Power Drum Kit kwa ngoma, LABS ya Spitfire kwa nyuzi na piano, Vital kwa sauti za sinthi. Hizo sasa ndizo zitakazokula bando, kwa hiyo zipakue usiku au mahali penye Wi-Fi.

Jambo moja lifanye siku ya kwanza. Unapohifadhi mradi mpya, weka tiki kwenye visanduku viwili vilivyo chini ya dirisha la kuhifadhi: cha kutengeneza folda ya mradi na cha kunakili sauti zote ndani yake. Usipoviwekea tiki, faili za sauti hutawanyika, na ukihamisha mradi kwenda mashine nyingine unafunguka ukiwa na treki tupu.

2. FL Studio, toleo la Producer, karibu dola 180 hadi 200

Kama unauza biti, namba moja na namba mbili zibadilishane nafasi. Kupanga mapigo kwenye FL ni haraka kuliko kwenye programu nyingine yoyote iliyo hapa, vyombo vya kuanzia vimo ndani, na kila prodyuza kijana utakayefanya naye kazi anaijua. Sababu nzito zaidi ni ya kifedha: Image-Line, kampuni ya Ubelgiji inayoitengeneza, inatoa masasisho bure maisha yote ya leseni. Unalipa mara moja.

Kuna toleo dogo, Fruity, la dola 99. Kwa miaka mingi lilibanwa upande wa kurekodi na kuhariri sauti, ndiyo maana watu hulinunua, wanaleta msanii, kisha wanakwama. Producer ndilo toleo la kuanzia kwa mtu mwenye maiki. Signature, lililo juu yake, linaongeza vitu kama Newtone cha kurekebisha sauti iliyopotoka. Ni kizuri, lakini kinaweza kusubiri, kwa kuwa plagini za kazi hiyohiyo, MAutoPitch na Graillon, zina matoleo ya bure. Ukiamua kupanda baadaye unalipa nyongeza, huanzi upya.

Jaribio la bure la FL lina mtego ambao lazima uujue. Halina ukomo wa siku, unaweza kutengeneza wimbo mzima na kuutoa kama WAV, na unaweza kuuhifadhi mradi. Kuufungua tena ndiko kusikowezekana hadi ununue. Kwa hiyo ukiwa kwenye jaribio, kabla ya kufunga, toa kila treki kama faili lake la sauti. Umeme ukikatika katikati ya kazi na mashine ikazima, umepoteza kila ambacho hukukitoa.

3. Cubase, ukiipata ndani ya boksi

Saundi kadi nyingi, yaani vifaa vya kuunganisha maiki na kompyuta, huja na leseni ya toleo dogo la programu. Za Steinberg na Yamaha huja na Cubase AI. Scarlett za Focusrite huja na Ableton Live Lite. Ukinunua saundi kadi mpya, tayari una programu halali ya kuanzia bila kuongeza senti. Ukinunua iliyotumika, chukulia kwamba namba ya leseni imeshatumiwa na mwenye nayo wa kwanza, na usikubali bei ipandishwe kwa sababu yake. Cubase ni programu nzito na nzuri kwa sauti na kwa kuandika noti. Tangu toleo la 12 la 2022 haidai tena ile flashi ya leseni iliyokuwa ikipotea. Shida ni ngazi zake: toleo la Pro linazidi dola 500, na kila toleo kubwa jipya linalipiwa.

4. Za bure kabisa

Waveform Free ya Tracktion haina kikomo cha idadi ya treki, inarekodi sauti, inakubali plagini. Kama mfukoni hamna kitu, anza nayo. Pro Tools Intro nayo ni ya bure, ila inakupa treki 8 za sauti tu. Kwaya ya sauti nne ikirudiwa mara mbili, umeshazimaliza. LMMS tunaitaja ili uiepuke kama lengo lako ni maiki: imejengwa kwa biti, si kwa kurekodi.

5. Ableton Live, na Logic kwa wenye Mac

Live ni ya mtu anayepiga jukwaani. Intro ya dola 99 ina treki 16, na bei za matoleo ya juu ni za kuumiza. Logic Pro ni dola 199.99 mara moja, imejaa vyombo, na kama tayari una Mac ingekuwa juu ya orodha hii. Kununua Mac kwa ajili ya Logic ni hesabu nyingine. Jaribu kwanza GarageBand, inayotolewa bure.

Kwa wenye simu tu: BandLab ni ya bure na inatosha kuweka mawazo. FL Studio Mobile inalipiwa kiasi kidogo, na mradi wake unaweza kufunguliwa ndani ya FL ya kompyuta, faida ambayo wengi hawaijui. Usirekodi kwa hedifoni za Bluetooth. Sauti inachelewa, na msanii ataimba nyuma ya mdundo wimbo mzima huku akidhani kosa ni lake.

Kraki

Ni programu ya kulipia iliyovunjwa leseni ili itumike bila malipo. Inajulikana, kila mtu anayo kwenye flashi. Tatizo la kikazi ni kwamba kifungua leseni hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza, kwenye mashine ileile yenye kazi za wateja, na huwezi kusasisha. Plagini za zamani za kraki mara nyingi ni za biti 32 (biti ya kompyuta, si ya muziki), ambazo programu mpya huenda zisizikubali. Siku moja unafungua mradi, nazo hazipo. Bei ya Reaper ni kama 150,000. Kwa fedha hiyo hoja ya kraki inakuwa dhaifu.

Mashine kabla ya programu

Ukiwa unachagua kompyuta mpakato iliyotumika katika maduka ya mjini, usiishie kwenye neno i5. Angalia kizazi. Prosesa za Intel Core i5 zenye herufi U za kizazi cha 7 zina viini viwili. Za kizazi cha 8 zina vinne, na tofauti hiyo unaisikia kwenye miksi ya treki 20. Kizazi cha 8 pia ndicho Windows 11 inachoanzia, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Dai SSD, dai RAM GB 8, na muulize muuzaji kama RAM inaongezeka au imegandishwa kwenye bodi.

Kuhusu nafasi: treki moja ya mono (ya maiki moja), biti 24 kwa 48 kHz (sauti ikipimwa mara 48,000 kwa sekunde), inakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika 5 wenye treki 20 ni kama MB 864. Albamu ya kwaya ya nyimbo 10 inakaribia GB 9 kabla ya majaribio yaliyoachwa, kwa hiyo diski ya nje si anasa. Tumia 48 kHz kwa kwaya, maana lazima watafanya video, na video hutumia 48 kHz.

Umeme wa hapa unataka saundi kadi inayokula moto kupitia USB. Ukikatika, betri ya mashine inaibeba na kwaya inaendelea. Yenye adapta yake inazima na jaribio zuri linakwenda nayo. Lakini Windows ikihamia kwenye betri hupunguza kasi ya prosesa, na hapo ndipo sauti huanza kukwaruza. Iweke kwenye hali ya nguvu kamili mapema. Ukisikia mvumo kwenye maiki, chomoa chaja kwanza kabla ya kulaumu waya.

Mikwaruzo mingine ni ya bafa, yaani kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kwanza kabla ya kukitoa; kikiwa kidogo mno sauti hukwaruza, kikiwa kikubwa huchelewa. Kwa 44.1 kHz, bafa ya sampuli 128 ni kama milisekunde 2.9, 256 ni 5.8, na 512 ni 11.6. Unaporekodi weka 128 au 256 ili mwimbaji ajisikie papo hapo. Unapomiksi panda hadi 512 au 1,024. Tumia draiva ya ASIO (ya Windows, inayopunguza kuchelewa kwa sauti) ya mtengenezaji wa saundi kadi; ASIO4ALL ni ya kuokolea pale ambapo hakuna nyingine. Rekodi vilele, yaani pale sauti inapokuwa kubwa zaidi, vikigusa kama -12 dB. Acha nafasi hiyo, kwa sababu waimbaji wa kwaya huongeza sauti kamera ikiwaka.

Lini upande

Programu kuganda si sababu ya kupanda. Kwanza gandisha treki zenye plagini nzito (zigeuze kuwa sauti tupu ili prosesa ipumzike), kazi ambayo Reaper ina amri yake ukibofya treki kwa kitufe cha kulia. Sababu halali ni mbili: kuna kazi ya mteja unayoikataa kwa kukosa kifaa fulani, au toleo ulilonalo linakubania idadi ya treki.

Kabla ya kulipa, hakikisha kadi ya benki imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, au tengeneza kadi ya mtandaoni kwenye menyu ya pesa za simu kama mtandao wako unayo. Weka salio linalozidi bei iliyoandikwa, kwa sababu ya kodi na ubadilishaji wa fedha. Malipo yanaweza kukataliwa kwa upungufu mdogo tu.

Usisasishe albamu ikiwa katikati. Mradi uliohifadhiwa kwenye FL mpya unaweza kukataa kufunguka kwenye ya zamani, na mwenzako wa Sengerema mnayebadilishana naye kazi huenda bado yuko huko. Reaper inaruhusu kusakinisha nakala ya pembeni ndani ya folda yake yenyewe, ijaribu hapo. Kwa FL, tunza kisakinishi cha zamani na uhifadhi mradi kama furushi la zip lenye sampuli zote.

Na ukihama kutoka programu moja kwenda nyingine, usitafute njia ya kubadilisha faili la mradi. Toa kila treki kama WAV ya biti 24, zote zikianzia sekunde sifuri hata kama kiitikio kinaingia dakika ya pili, moja ikiwa na plagini zake na nyingine bila, na andika kasi ya wimbo kwenye jina la folda.