Ukivamiwa na Antivairasi Bandia: Ununue Nini, na Lipi Lije Mwisho

Kompyuta ya shangazi yangu, aishiye Majengo, ilianza kulalamika jioni moja baada ya magharibi. Kidirisha chekundu chenye picha ya ngao kilikaa katikati ya skrini kikitangaza kwamba virusi 327 vimepatikana, na kwamba havitaondoka mpaka anunue toleo kamili la antivairasi yake. Nilipoisoma orodha ya mafaili yaliyodaiwa kuambukizwa, niliona kwamba mengi yalisemekana kuwa kwenye diski D, ilhali kompyuta ile ina diski moja tu, nayo ni C. Shangazi mwenyewe hakushughulika na diski. Aliniuliza, "Mwanangu, mbona hawa wataka namba ya kadi ya benki, na M-Pesa hawapokei?" Swali hilo ndilo lililomzuia kulipa.

Machaguo yaliyo hapa chini nimeyapanga kwa kipimo kimoja: lipi linaondoa uchafu kwa gharama ndogo bila kuleta uchafu mwingine. Hata hivyo, kabla ya kugusa mkoba, inafaa kwanza kujua kama kompyuta imeingiwa kweli. Matangazo mengi ya namna hii siku hizi si programu iliyo ndani ya mashine, bali ni arifa za tovuti fulani ambayo mtu aliibonyezea "Ruhusu" alipokuwa akitafuta mpira wa kutazama bure. Fungua mipangilio ya kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, nenda kwenye sehemu ya arifa, uondoe kila tovuti usiyoitambua. Ikiwa ukurasa umejaza skrini nzima na haukubali kufungwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ukifunge kivinjari kutoka kwenye orodha ya programu zinazofanya kazi, na ukikifungua tena usikubali kikurudishie kurasa za awali. Ukiona namba ya simu imeandikwa kwenye onyo, usipige, kwa sababu Microsoft imeeleza wazi kwamba maonyo yake ya kweli hayaweki namba ya simu. Kelele zikikoma hapo, huna haja ya kununua kitu.

Zisipokoma, nafasi ya kwanza naipa Microsoft Defender, antivairasi ambayo imo tayari ndani ya Windows 10 na 11 na haina malipo. Najua jibu hili huwaudhi wanaotaka kuona boksi, lakini katika nyumba nyingi ndilo jibu sahihi. Siri yake ni kutumia ukaguzi wa nje ya mfumo, unaopatikana ndani ya chaguo za ukaguzi kwenye ukurasa wa Usalama wa Windows. Kompyuta hujizima, ikawaka upya, na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, kwa hiyo programu bandia iliyozoea kuwaka pamoja na mfumo hukutwa ingali imelala. Kazi huchukua takriban dakika 15. Hifadhi kazi zako kwanza, na ikiwa ni laptopu, iache kwenye chaji, maana stima ya mtaani kwetu haina miadi. Kwa shangazi, hatua hii moja ilitosha kukiondoa kile kidirisha.

Jambo la kuangalia hapa ni umri wa mfumo. Kompyuta nyingi tunazonunua Mombasa ni za mtumba, zile ziitwazo ex-UK, na nyingi zingali na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kampuni hiyo imeahidi kuendelea kuipa Defender maelezo ya virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini hilo halizibi matundu ya mfumo wenyewe. Mwenye mashine inayokubali Windows 11 na ahame kabla ya kufikiria antivairasi ya kulipia.

Nafasi ya pili ni Malwarebytes ya bure, programu ya kusaka virusi, nayo ninaitumia kama jicho la pili. Ukiisakinisha hukupa kwanza siku 14 za kujaribu huduma kamili, kisha hurudi kuwa kifaa cha kukagua pale unapokiamuru, bila kulinda kompyuta muda wote. Ni hodari kwa takataka ndogondogo ambazo antivairasi za kawaida huzipuuza, kama vile viongezi vya kivinjari vinavyobadilisha ukurasa wa kutafutia. Ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, ukiandika anwani kwa mkono wako, kwa sababu tangazo linalokaa juu kabisa ya matokeo ya utafutaji laweza kuwa la mwigaji.

Antivairasi za kulipia zinakaa nafasi ya tatu. Bitdefender, ESET na Kaspersky ni majina yanayojulikana, na kazi zao hupimwa mara kwa mara na maabara huru za AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, ambazo matokeo yake husomwa bure. Ninazipendekeza kwa nyumba yenye watoto wanaopakua kila kitu, au yenye kompyuta na simu kadhaa zinazohitaji leseni moja. Kuhusu Kaspersky, mnunuzi ajue kwamba Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake nchini humo mwaka 2024 kwa hoja za usalama wa taifa, hoja ambazo kampuni hiyo ya Urusi inazikanusha. Marufuku hayo hayahusu Kenya, lakini ni haki ya mtu kuyatia kwenye mizani.

Ukinunua leseni dukani, iwe Moi Avenue au Nyali, hakikisha boksi halijafunguliwa na sehemu ya kukwangua haijaguswa, uliza ni ya vifaa vingapi na ya muda gani, na uulize kama namba ya leseni hiyo inakubali katika eneo letu, kwa kuwa baadhi ya leseni hufungwa kwa maeneo. Mimi napendelea dukani kuliko mtandaoni kwa sababu moja ambayo matangazo hayaitaji: ukilipa kwa kadi mtandaoni, mara nyingi unakuwa umekubali kukatwa tena mwakani bila kuulizwa, na bei ya mwaka wa pili huwa kubwa kuliko ya kwanza. Anayelipa kwa M-Pesa na kuondoka na namba yake hana kadi iliyobaki mikononi mwa mtu.

Fundi nampa nafasi ya nne, si kwa kumdharau. Wapo mafundi waaminifu, na mashine iliyoharibika sana huhitaji mkono wao. Ila dawa yao ya kawaida ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya, kazi ambayo Windows 10 na 11 huweza kuifanya zenyewe kupitia mipangilio ya kurejesha, hata kwa kubakiza mafaili yako. Chagua kurejesha kutoka kwenye kompyuta yenyewe, kwani kupakua kutoka mtandaoni kwaweza kumaliza zaidi ya gigabaiti 4 za bando. Tatizo la pili ni kubwa zaidi: wengine huweka Windows isiyo na leseni, kisha huiamsha kwa programu ya kuvunja leseni inayodai Defender izimwe kwanza. Jirani yangu alilipa shilingi 1,500 akarudishiwa mashine nyepesi, safi, na isiyo na mlinzi.

Mkiani nayaweka mambo mawili pamoja: antivairasi iliyovunjwa leseni inayozungushwa kwenye flashi, na ile inayouzwa na kidirisha chenyewe. Biashara ya kidirisha si ndogo. Mwaka 2012 mahakama ya Marekani ilitoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163 katika kesi ya mtandao mmoja uliowauzia watu zaidi ya milioni programu za kutisha za aina hii. Ikiwa umeshalipa, pigia benki yako usiku huohuo ili kadi ifungwe, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi, wala si ile iliyo kwenye skrini.